Saratani: Tiba Ikikoma, Uuguzi Haukomi

Yako maradhi mengi yanayowatia watu hofu, lakini ni machache yanayoogopwa kama saratani, ambayo wengine huiita kansa. Katika nyumba nyingi jina hilo halitajwi hadharani. Mgonjwa husemekana kuwa ana "uvimbe" au "kidonda kisichopona", na jamaa hupeana macho pindi daktari anapotokea. Hofu hiyo imeleta hasara za namna mbili. Wengi ambao wangeweza kupona huchelewa kwenda hospitali, wakiamini kwamba saratani haina dawa. Na wale ambao ugonjwa wao kweli umeishinda dawa huachwa wateseke kwa maumivu yanayoweza kutulizwa, au huhangaishwa kutoka hospitali moja hadi nyingine mpaka mali ya nyumba inakwisha, bila wao wenyewe kuulizwa hata siku moja wanataka nini.

Mambo hayo mawili, yaani kutafuta tiba na kumtunza mtu ambaye tiba imeshindwa kumponya, yana historia ndefu nchini Uganda. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, saratani moja kali ya watoto ilitambuliwa, ikachunguzwa na ikapatiwa dawa. Katika mji huo huo, miaka zaidi ya thelathini baadaye, ilianzishwa kazi ya kuwatuliza wagonjwa wanaokaribia mwisho wao, kazi ambayo imekuwa mfano kwa nchi nyingi za Afrika. Yafaa historia hiyo ifahamike majumbani, kwa sababu maswali yaliyowakabili madaktari hao ndiyo yanayowakabili wazazi na watoto leo kando ya kitanda cha mgonjwa.

WATOTO WENYE MATAYA YALIYOVIMBA

Mwaka 1957 Dakta Denis Burkitt, mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi Mulago, aliitwa na daktari mwenzake, Hugh Trowell, akamtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Mataya ya mtoto huyo yalikuwa yamevimba kulia na kushoto, juu na chini, na meno yake yalikuwa yamelegea. Burkitt alikuwa hajapata kuona kitu kama kile. Wiki chache baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine ameketi majanini pamoja na mama yake, uso wake umevimba vivyo hivyo. Alipompima alikuta na tumboni mna uvimbe. Hapo akatambua kwamba huo haukuwa mkasa wa mtoto mmoja, na kwamba lazima pawe na sababu inayowaunganisha wawili hao.

Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911. Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja, na kwa sababu hiyo maombi yake ya kwanza ya kazi barani Afrika yalikataliwa. Alifika Uganda mwaka 1946, akawekwa Lira kabla ya kuhamishiwa Kampala. Baada ya kuwaona watoto wale wawili alipekua kumbukumbu za hospitali, akakuta watoto wengi walioandikwa kwa majina mbalimbali ya maradhi, kufuatana na mahali uvimbe ulipoonekana: taya, jicho, figo au tumbo. Mwaka 1958 alitoa makala yake ya kwanza juu ya ugonjwa huo. Wataalamu wa Mulago waliochunguza vipande vya uvimbe kwa darubini, miongoni mwao Jack Davies na Gregory O'Conor, walionyesha kwamba hiyo ilikuwa saratani ya namna moja, itokayo katika chembe nyeupe zinazoulinda mwili. Ugonjwa huo ndio unaoitwa limfoma ya Burkitt.

SAFARI YA MAILI 10,000

Ili kujua ugonjwa huo unapatikana wapi, Burkitt alituma karatasi zenye picha kwa hospitali za serikali na za misheni barani Afrika, akiuliza kama wamepata kuwaona watoto wa namna hiyo. Majibu aliyatia katika ramani. Kisha, mwezi Oktoba 1961, alifunga safari kwa gari kuukuu la Ford pamoja na madaktari wenziwe wawili, Ted Williams na Cliff Nelson. Kwa muda wa wiki kumi walikwenda maili zipatazo 10,000, yaani kilomita 16,000, wakipita Kenya, Tanganyika na Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, hadi Afrika ya Kusini. Walizuru hospitali karibu 60, na katika kila moja swali lilikuwa lile lile.

Ilionekana kwamba ugonjwa huo hushika sana mahali penye joto na mvua ya kutosha, na kwamba katika nyanda za juu zenye baridi hupungua au hutoweka kabisa. Dakta Alexander Haddow, aliyekuwa mkuu wa taasisi ya uchunguzi wa virusi huko Entebbe, alieleza kwamba jambo kubwa halikuwa urefu wa milima bali joto la mahali. Ramani ya ugonjwa ilifanana mno na ramani ya malaria.

Mwezi Machi wa mwaka huo huo wa 1961 Burkitt alikuwa ametoa mhadhara mjini London. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo mtaalamu wa virusi, Anthony Epstein, ambaye mara moja aliomba apelekewe vipande vya uvimbe kutoka Kampala. Kwa zaidi ya miaka miwili hakupata kitu. Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikatua Manchester. Kipande kilipomfikia Epstein kilikuwa kimechelewa, na maji yaliyokihifadhi yalikuwa na utusitusi kana kwamba yameoza. Hata hivyo hakuyamwaga. Alipoyatazama kwa darubini alikuta utusi ule ni chembe za saratani zilizojitenga, zingali hai. Akaziotesha, na mwaka 1964 yeye na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, walitangaza kwamba wameona ndani yake kirusi kipya. Hicho kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Leo yafahamika kwamba kirusi hicho huwapata watu karibu wote ulimwenguni, na wengi hawadhuriki. Lakini mtoto anayeshambuliwa mara kwa mara na malaria hudhoofika kinga, na chembe zilizoingiwa na kirusi zaweza kugeuka na kuanza kuzaana bila kipimo. Kwa hiyo chandarua anacholalia mtoto kina faida zaidi ya ile inayosemwa kila siku.

DAWA ZAPATIKANA

Katika miaka hiyo Mulago haikuwa na mashine ya mionzi, na kisu cha mpasuaji hakikufaa kitu, maana uvimbe ulikuwa umekwisha kuenea. Aghalabu mtoto alikufa katika muda wa miezi michache. Burkitt akaanza kujaribu dawa za kuua chembe za saratani ambazo wakati huo zilikuwa mpya, kama vile methotreksati na siklofosfamidi. Dakta Peter Clifford alifanya majaribio ya namna hiyo mjini Nairobi. Matokeo yaliwashangaza hata wao. Watoto wengine walipewa dozi moja au chache tu, uvimbe ukanywea kwa siku chache, na baadhi yao hawakuugua tena.

Mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo maalumu cha kutibu limfoma, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Makerere na taasisi ya saratani ya serikali ya Marekani. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Dakta John Ziegler. Hapo ndipo ilipoonyeshwa kwamba kuchanganya dawa mbili tatu kulifaa kuliko kutumia dawa moja, jambo ambalo baadaye lilisaidia matibabu ya saratani nyingine duniani. Mwaka 1972 Burkitt na Ziegler, pamoja na Profesa V. Anomah Ngu wa Kamerun na madaktari wengine, walipewa tuzo ya Lasker ya Marekani kwa kazi hiyo. Wamarekani walipoondoka wakati wa utawala wa Idi Amin, kituo hakikufungwa. Kilishikwa na Dakta Charles Olweny, Mganda, akakiendesha katika miaka ambayo dawa na hata maji yalikuwa ya shida. Kituo hicho ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Maendeleo hayakukoma hapo. Elimu kwamba kirusi chaweza kuwa chanzo cha saratani ilisaidia kuleta chanjo. Chanjo ya homa ya ini ya aina ya B huzuia saratani ya ini. Chanjo ya virusi vya HPV huwakinga wasichana na saratani ya mlango wa kizazi, ambayo inaua wanawake wengi mno wa Afrika ya Mashariki, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hata sindano moja yaweza kutosha kwa wasichana. Mzazi mwenye binti wa umri wa kuchanjwa hana sababu ya kungoja.

Hata hivyo ingekuwa udanganyifu kusema kwamba ushindi umekamilika. Katika nchi tajiri watoto zaidi ya 9 katika kila 10 wenye limfoma ya Burkitt hupona. Katika nchi za Afrika, ambako ugonjwa huo ulitambuliwa, wanaopona ni wachache zaidi. Wengi hufika wakiwa wamechelewa, maana uvimbe huo waweza kuongezeka maradufu kwa siku mbili tatu tu, na wiki zilizopotea kwa mganga wa meno au wa mitishamba haziwezi kulipwa. Wengine huanza dawa kisha nauli inakwisha, hawarudi. Vifaa navyo vina mipaka. Mwezi Aprili 2016 mashine pekee ya mionzi iliyokuwako Uganda iliharibika isitengenezeke, na mpya ilianza kazi mwanzoni mwa mwaka 2018. Katika kipindi hicho chote wagonjwa waliohitaji mionzi walilazimika kuvuka mpaka kwenda Kenya au nchi nyingine, na wasioweza walibaki nyumbani.

Basi hata sayansi inapoendelea, bado wapo na watakuwapo watu ambao hawatapona. Swali ni kwamba watu hao wanastahili kutendewa nini.

NYUMBA NYINGINE YA MWAKA 1967

Mwaka ule ule wa 1967, wakati kituo cha limfoma kinafunguliwa Kampala, ilifunguliwa nyumba ya wagonjwa kusini mwa London iitwayo St Christopher's. Mwanzilishi wake, Cicely Saunders, alikuwa kwanza muuguzi, kisha mtumishi wa ustawi wa jamii, na mwisho akasomea udaktari. Alikuwa ameona katika mahospitali kwamba daktari akishasema "hakuna la kufanya," hapiti tena kitandani kwa mgonjwa yule. Alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekufa si ya mwili tu. Yamo na maumivu ya hofu, ya kuwaacha watoto, ya madeni, na ya maswali juu ya Mwenyezi Mungu. Alifundisha pia kwamba mofini ikinywewa kwa saa zake, kabla maumivu hayajarudi, humwacha mgonjwa na akili zake timamu.

Mafundisho hayo yaliletwa Uganda mwaka 1993 na Dakta Anne Merriman, aliyezaliwa Liverpool na aliyekuwa amekwisha kufanya kazi Nigeria, Singapore na Nairobi. Alianzisha Hospice Africa Uganda katika nyumba ya kuazima, akiwa na fedha za kutosha miezi michache tu. Hakujenga wodi ya vitanda vingi. Aliona kwamba Mwafrika aghalabu hupenda kufia kwake, miongoni mwa watu wake, kwa hiyo wauguzi walipewa magari na mikoba ya dawa wakawafuata wagonjwa majumbani.

Dawa iliyo kubwa katika mkoba huo ni mofini ya maji. Hutengenezwa kwa unga wa mofini uliochanganywa na maji safi, dawa ya kuzuia isiharibike, na rangi ili watu wasikosee: kijani kwa iliyo hafifu na nyekundu kwa iliyo kali. Haihitaji sindano, na bei yake ni ndogo. Serikali ya Uganda iliamua itolewe bure kwa wenye kuihitaji. Lakini kulikuwa na kizuizi, kwa kuwa sheria ilimruhusu daktari peke yake kuiandika, na wilaya nyingi hazikuwa na daktari wa kutosha. Mwaka 2004 kanuni zilibadilishwa ili wauguzi na matabibu waliofunzwa kazi hiyo nao waruhusiwe. Uganda ilitangulia nchi nyingine katika jambo hilo.

Umuhimu wake unaonekana ukitazamwa ulimwengu mzima. Ripoti iliyotolewa mwaka 2017 na tume ya jarida la kidaktari The Lancet ilionyesha kwamba, katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizokuwa zikigawiwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1 tu. Nalo Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu milioni 56.8 huhitaji huduma ya kutulizwa kila mwaka, na wanaoipata ni asilimia 14 hivi.

JE, MGONJWA AAMBIWE?

Swali la kwanza ambalo jamaa hukabiliana nalo ni kama mgonjwa aambiwe ukweli. Desturi ya wengi ni kuficha. Daktari huvutwa pembeni na mwana mkubwa au shemeji, naye huombwa asimwambie mzee, eti atakata tamaa na kufa upesi. Nia yao ni njema. Lakini mgonjwa si mjinga. Anaona mwili wake unavyopungua, anaona jamaa wa mbali wanawasili bila kuitwa, na anasikia minong'ono inayokatika anapofumbua macho. Wao wanamficha yeye, naye anawaficha wao kwamba anajua, hata kila mmoja abaki na huzuni yake peke yake. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

Isitoshe, kuficha kunampokonya mgonjwa haki zake. Mtu asiyejua kwamba siku zake ni chache hawezi kuandika wasia, hawezi kueleza nani anamdai na yeye anamdai nani, hawezi kupatana na nduguye waliyekosana, wala hawezi kusema watoto wadogo walelewe na nani. Mjane mwingi amenyang'anywa shamba kwa sababu marehemu hakupewa nafasi ya kusema neno lake mbele ya mashahidi.

Hata hivyo ukweli hautupwi kama jiwe. Wauguzi waliofunzwa kazi hii huanza kwa kumwuliza mgonjwa mwenyewe amefahamu nini juu ya ugonjwa wake, na angependa kujua kiasi gani. Akitaka kujua yote, huambiwa kwa upole, akiwa na mtu anayempenda kando yake. Akisema mambo hayo aulizwe mkewe au kaka yake, basi hilo nalo ni chaguo lake, nalo huheshimiwa. Jambo lisilofaa ni watu wengine kumchagulia kana kwamba amekwisha kufa.

KUACHA TIBA SI KUUA

Swali la pili ni gumu zaidi. Mathalani, mama amepata saratani ya mlango wa kizazi ambayo imekwisha kufika kwenye ini na mifupa. Madaktari wamesema dawa kali zaidi haitamponya, na itamletea kutapika na udhaifu. Wanawe wanataka kuuza kiwanja wampeleke ng'ambo. Mmoja akisema mama aachwe apumzike nyumbani, nduguze humshutumu kwamba anataka mama afe. Magomvi ya namna hiyo yamevunja koo nyingi.

Hapo yafaa mambo mawili yatenganishwe. Kumwua mgonjwa ni kutenda jambo kwa nia ya kumkatisha uhai. Kuacha tiba isiyoleta faida ni kukubali kwamba ugonjwa umeshinda, na kugeuza juhudi zote zielekee kwenye kumpa mgonjwa nafuu. Dini nazo zimelitazama jambo hili. Mwaka 1957 Papa Pius wa 12, alipoulizwa na madaktari, alijibu kwamba mtu halazimiki kutumia njia za matibabu zilizo nzito kupita kiasi ili kurefusha uhai, na kwamba yaruhusiwa kutuliza maumivu makali kwa dawa hata kama yaweza kupunguza siku, ikiwa nia ni kutuliza na hakuna njia nyingine. Katika Uislamu kuua kwa huruma ni haramu, lakini wanazuoni wengi wameona kwamba tiba isiyotarajiwa kuleta faida si faradhi kwa mgonjwa.

Hofu juu ya mofini inatokana na kuchanganya mambo hayo hayo. Baadhi ya jamaa huficha chupa wakidhani kwamba dawa hiyo ndiyo itakayomwua mgonjwa, au kwamba atakuwa mlevi wa dawa. Kwa kweli mofini inayoanzwa kwa kipimo kidogo na kuongezwa polepole kwa maelekezo haimwui mtu. Mgonjwa aliyekuwa hapati usingizi kwa wiki nzima mara nyingi huanza kulala, kula na kuzungumza. Na mtu anayeinywa kwa ajili ya maumivu ya saratani ni nadra kuwa na tamaa ya dawa kama ile ya mlevi.

WANAOOMBA KUFA

Kuna nchi ambazo zimekwenda mbali zaidi. Uholanzi na Ubelgiji zilitunga sheria zilizoanza kutumika mwaka 2002, zikimruhusu daktari, kwa masharti, kumkatisha uhai mgonjwa anayeteseka na anayeomba hivyo mwenyewe. Kanada ilifuata mwaka 2016 na Hispania mwaka 2021. Wanaozitetea sheria hizo husema kwamba mtu mwenye akili timamu ana haki ya kuamua juu ya mwisho wake. Hoja hiyo si ya kudharauliwa.

Sheria za Uganda na za majirani zake haziruhusu jambo hilo. Mbali na dini na mila, iko sababu nyingine ya kufikiriwa. Mgonjwa anayesema "afadhali nife" aghalabu ana sababu anayoweza kuieleza akiulizwa. Mmoja anaumwa na hajapata kupewa dawa inayotosha. Mwingine ana kidonda kinachonuka, na watoto hawaingii tena chumbani kwake. Wa tatu ameona ng'ombe wa mwisho akitolewa zizini kwa ajili yake, na anaona aibu kuendelea kuishi. Haiwezi kusemwa kwamba watu hao wamechagua kwa hiari wakati ambapo hawajapewa kitu cha kuchagua. Ikiwa mwananchi hapati mofini ya bei ndogo, kisha anaruhusiwa kuuawa kwa huruma, huruma hiyo itakuwa imeanzia mwisho. Wajibu wa kwanza wa serikali, hospitali na jamaa ni kuondoa maumivu, harufu na aibu. Wauguzi wa majumbani wameona mara nyingi kwamba vitu hivyo vikipungua, na ombi la kufa hupungua.

YA KUFANYA NYUMBANI

Anayemuuguza mgonjwa wa namna hiyo ana mengi anayoweza kuyafanya, hata kama hana elimu ya uganga.

Mofini itolewe kwa saa, kila baada ya saa nne kama muuguzi alivyoagiza, wala isingojewe mpaka mgonjwa alie. Isikatishwe ghafla. Kwa kuwa hufunga choo, apewe pia dawa ya kulainisha choo, na kama anaweza, maji mengi na mapapai. Chupa iwekwe mbali na watoto, na ikibaki baada ya msiba irudishwe hospitalini.

Kidonda kinachonuka kisafishwe kwa maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo yakapoa. Muuguzi aweza kuelekeza vidonge vya metronidazoli visagwe na kunyunyizwa juu yake, na harufu hupungua sana. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgongo, na shuka zake zinyoshwe zisiwe na mikunjo.

Asilazimishwe kula. Mtu anayekaribia mwisho hapati njaa kama mzima, na uji unaoshindiliwa kinywani waweza kumpalia. Midomo iloweshwe kwa kitambaa safi chenye maji. Akizungumziwa, asemeshwe kama mtu aliye hai, maana huenda anasikia hata akiwa amefumba macho.

Na anayeuguza asisahauliwe. Mara nyingi ni binti mmoja au mke mmoja anayekesha usiku kucha, huku wengine wakituma salamu tu. Jamaa wapeane zamu, na wenye fedha wajue kwamba nauli ya muuguzi na sabuni ya kufulia shuka zaweza kumfaa mgonjwa kuliko safari ya ng'ambo isiyo na matumaini.

Zaidi ya yote, mazungumzo yasingojewe mpaka siku ya mwisho. Wazazi wawaeleze watoto wao wakubwa, wakati wangali na nguvu, wangependa kuuguzwa wapi, nani awasemee wasipoweza kusema, na mali igawiwe vipi. Na mtoto mwenye taya lililovimba apelekwe hospitali leo, si kesho, kwa kuwa kwake yeye tiba ingaliko.